Je, Ngozi Yahitaji Chupa Kumi?

Mwalimu mmoja wa kemia katika shule ya sekondari ya bweni alipata kuniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alinieleza kwamba wanafunzi wake wa kidato cha tatu, wasichana kwa wavulana, huamka nusu saa kabla ya kengele ya asubuhi ili wapate kujipaka vipodozi kwa utaratibu maalumu. Kwanza husafisha uso kwa mafuta, kisha kwa sabuni ya povu, kisha huusugua kwa skrabu. Baada ya hapo hufuata maji ya kukaza ngozi, esensi, seramu, barakoa ya uso, krimu ya macho, krimu ya kulainisha, na mwisho krimu ya kuzuia jua. Msichana mmoja alikuwa ametumia fedha zake zote za matumizi ya muhula kununua chupa tatu tu za orodha hiyo, na baada ya majuma mawili uso wake ukaanza kuwasha na kubambuka. "Daktari," aliniambia mwalimu huyo, "mimi nawafundisha asidi na besi. Niwaambie nini watoto hawa? Nikiwaambia waache tu, wataniona mtu wa zamani nisiyejua mambo."

Alikuwa na haki ya kuuliza. "Acha" si jibu la kisayansi, kama vile "paka" nalo si jibu la kisayansi. Hapana budi kwanza tujue ngozi ni kitu gani, yafanya kazi gani, na vitu tunavyoipaka huenda wapi. Tukishayajua hayo, kila mwanafunzi ataweza kuipima chupa yoyote atakayouziwa, hata ile ambayo bado haijatengenezwa. Makala haya ndiyo jibu langu kwa mwalimu huyo, na kwa walimu wengine walio na swali kama lake.

HATUA KUMI ZILITOKA WAPI?

Tusidhani kwamba kuitunza ngozi kwa taratibu ndefu ni jambo geni kwetu. Katika pwani yetu bibi arusi husingwa kwa singo na liwa siku kadhaa kabla ya arusi, akafukizwa udi, akapambwa. Lakini hakuna somo wala kungwi aliyepata kusema kwamba ngozi ya mwari ingeharibika kama asingesingwa. Desturi hiyo ni heshima, ni furaha, na ni namna ya jamii kumwaga binti yao. Tena inaujua mpaka wake: ni ya arusi, si ya kila kunapokucha.

Mambo hubadilika pale desturi inapogeuzwa kuwa bidhaa. Mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyabiashara kama Helena Rubinstein na Elizabeth Arden walijenga biashara kubwa huko Ulaya na Marekani kwa kuuza vipodozi ambavyo kimoja hufuata kingine. Mwaka 1968 kampuni ya Clinique ilianzishwa mjini New York ikiwa na utaratibu wa hatua tatu, uliotayarishwa kwa ushauri wa daktari wa ngozi aitwaye Norman Orentreich: kusafisha, kuondoa seli zilizokufa, na kulainisha. Katika miaka ya 2010 utaratibu wa hatua kumi ulioambatanishwa na Korea Kusini ukaenea duniani kote.

Msomaji atazame jinsi hesabu ilivyokwenda. Tatu zimekuwa kumi katika muda usiozidi nusu karne. Idadi ya hatua ilikua pamoja na soko. Haikukua kwa sababu ngozi ya binadamu iligunduliwa kuwa na mahitaji mapya saba. Ngozi ya msichana wa leo ni ileile aliyokuwa nayo bibi yake.

UKUTA WA MATOFALI

Ngozi ya mtu mzima, kama ingetandazwa, ingefunika eneo la kati ya mita za mraba moja na nusu na mbili. Ina tabaka mbili kuu. Tabaka la ndani, yaani demisi, lina mishipa ya damu, neva, vifuko vya jasho na mizizi ya vinyweleo. Tabaka la nje, yaani epidemisi, ni jembamba sana. Katika sehemu nyingi za mwili unene wake ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na karatasi ya daftari.

Juu kabisa ya epidemisi kuna utando mwembamba zaidi uitwao tabaka la pembe, kwa kuwa umejaa keratini, protini ileile inayounda pembe za ng'ombe na kucha zetu. Unene wake ni sehemu moja au mbili za mia za milimita. Ndani ya wembamba huo zimepangwa safu kama 15 hadi 20 za seli zilizokufa. Mwaka 1983 Peter Elias, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo San Francisco, aliufafanua utando huo kwa mfano wa ukuta. Seli zilizokufa ni matofali. Baina yake kuna mafuta ya aina tatu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, ambayo ndiyo saruji.

Ukuta huu ndio unaotuwezesha kuishi katika nchi kavu. Mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji, na hewa inayotuzunguka daima huyataka maji hayo. Hata hivyo, kiasi kinachopotea kupitia ngozi bila kutoka jasho ni kama theluthi moja ya lita tu kwa siku. Mtu aliyeunguzwa na moto, ambaye ukuta wake umebomoka katika sehemu kubwa ya mwili, hupoteza maji mengi mno hata maisha yake yakawa hatarini.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba ukuta huu hujijenga wenyewe. Chini ya epidemisi seli mpya huzaliwa kila siku. Hupanda polepole kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi, zikijaa keratini na kubapa, kisha hufa, hushika nafasi yake katika ukuta, na mwishowe hupukutika zisionekane. Kwa hiyo ngozi hujichubua yenyewe bila msaada wa skrabu. Watafiti wamewahi kuuondoa ukuta huo kwa makusudi kwa kubandika na kubandua utepe wa gundi mara nyingi mahali pamoja. Waliona kwamba mara tu maji yanapoanza kupotea kwa wingi, seli za chini hupata ishara na kuanza kutoa mafuta mapya ya kuziba nyufa. Siku chache baadaye ukuta huwa umesimama tena.

Ndiyo kusema, ngozi yenye afya haiko hoi ikingoja kuokolewa asubuhi na jioni. Ni kiungo kinachofanya kazi, na kazi yake kubwa ni kuzuia vitu visipite.

UTANDO WENYE ASIDI

Mwaka 1928 Heinrich Schade na Alfred Marchionini, wanasayansi wa Ujerumani, waliandika kwamba uso wa ngozi umefunikwa na utando wenye asidi. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba pH ya uso wa ngozi yenye afya huwa, kwa kawaida, kati ya 4.5 na 5.5. Asidi hiyo hafifu ina kazi mbili. Vimeng'enya vinavyotengeneza saruji ya ukuta hufanya kazi vizuri katika hali hiyo, na bakteria wengi waletao maradhi hawaipendi.

Hapa ndipo somo la mwalimu wetu linapoingia. Sabuni ya kawaida hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta na alkali kali, na pH ya povu lake ni 9 hadi 10. Kila kipimo kimoja cha pH ni tofauti ya mara kumi. Kwa hiyo baina ya ngozi yenye pH 5 na povu lenye pH 10 kuna tofauti ya mara laki moja. Baada ya kunawa, ngozi hurudia asidi yake yenyewe kwa muda wa saa kadhaa. Mtu anayenawa mara moja au mbili kwa siku huipa ngozi nafasi hiyo. Mtu anayesafisha uso kwa mafuta, halafu kwa povu, halafu akausugua, na jioni akarudia yote, huichukua saruji ya ukuta kidogo kidogo. Kisha hununua chupa nyingine ili kuurudishia ukuta kile alichouondolea.

Yafaa nisieleweke vibaya. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni ni jambo la lazima, kwani huzuia kuhara na maradhi mengine mengi. Ninalozungumzia ni kuuosha uso mara nyingi kupita haja.

LANGO LENYE KIPIMO

Matangazo mengi huahidi kwamba kipodozi "kitalisha" ngozi kwa kolajeni, kwa protini, au kwa vitamini. Je, vitu hivyo hufika vinakoahidiwa?

Mwaka 2000 Jan Bos na Marcus Meinardi, watafiti wa Amsterdam nchini Uholanzi, walitoa kanuni iliyo rahisi kuikumbuka. Walitazama dawa zinazofanya kazi kwa kupakwa, na vitu vinavyosababisha mzio wa ngozi, wakaona kwamba karibu vyote vina molekuli zenye uzito usiozidi daltoni 500. Daltoni moja ni takriban uzito wa atomu moja ya haidrojeni. Molekuli ya maji ina daltoni 18. Molekuli zilizo kubwa kuliko 500 hushindwa kupenya katika saruji ya ukuta usio na jeraha.

Sasa na tupime. Kolajeni ni protini inayoipa demisi nguvu zake, na ni kweli kwamba hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Lakini molekuli moja ya kolajeni ina uzito wa daltoni kama 300,000, yaani mara 600 ya kipimo cha lango. Kuipaka juu ya uso kwa matumaini kwamba itaingia ndani ni sawa na kumtaka tembo apite katika tundu la ufunguo. Asidi ya haialuroniki, inayosifiwa sana katika seramu, nayo mara nyingi huwa na uzito wa mamia ya maelfu ya daltoni. Vitu hivi havina ubaya. Hukaa juu, hushika maji, na huifanya ngozi ionekane laini kwa saa kadhaa. Hiyo ni kazi ya kulainisha, kazi ambayo mafuta ya bei nafuu huifanya vilevile.

Nalo jambo hili la mafuta lina ushahidi. Mwaka 2004 ilichapishwa ripoti ya jaribio lililofanywa Ufilipino kwa wagonjwa 34 wenye ngozi kavu. Baadhi yao walipewa mafuta ya nazi na wengine mafuta ya madini, wakayapaka miguuni mara mbili kwa siku kwa majuma mawili. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na mafuta ya nazi hayakuzidiwa. Ama mafuta ya mgando, yaliyosajiliwa Marekani na Robert Chesebrough mwaka 1872, bado yamo miongoni mwa vitu bora kabisa vya kuzuia maji yasipotee katika ngozi, licha ya umri wake.

KINACHOPITA LANGONI

Ukweli wa kusikitisha ni huu: vingi vinavyotangazwa kwa fahari havipiti, na vingi vinavyopita havitangazwi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika vipodozi tungeongeza kwamba kibaya zaidi hujificha.

Haidrokwinoni ina uzito wa daltoni 110. Klobetasoli, steroidi kali itumiwayo hospitalini kwa maradhi maalumu ya ngozi, ina 467 katika umbo linalowekwa kwenye krimu. Chumvi ya zebaki iliyokuwa ikitiwa katika krimu za kung'arisha ngozi ina takriban 252. Zote ziko chini ya 500, zote hupita. Na hizi ndizo zinazopatikana katika bidhaa nyingi za kujichubua na katika mkorogo unaochanganywa mitaani, ambao mara nyingi huingizwa katika orodha ndefu ya hatua kwa jina la "seramu ya kung'arisha" au "krimu ya kuondoa madoa". Kadiri orodha inavyorefuka, ndivyo inavyokuwa rahisi kwa chupa moja isiyo na maelezo kujipenyeza katikati ya nyingine.

Zebaki huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Lakini haikomi hapo. Ikishaingia katika damu hufika kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wazima waliokuwa na ugonjwa wa figo unaofanya protini zipotee katika mkojo na mwili kuvimba. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu baada ya kuziacha. Walikuwa wamejipaka usoni, wakaugua figo.

Haidrokwinoni nayo ina kisa chake. Mwaka 1975 George Findlay na wenzake walieleza hali waliyoiona Afrika Kusini kwa watu waliotumia krimu za aina hiyo kwa muda mrefu: ngozi ya mashavu ilikuwa imefanya mabaka meusi yenye kuelekea samawati, tena magumu na yenye vipele, ambayo hayakuondoka kwa urahisi. Watu hao walitafuta weupe, wakapata weusi ambao hawakuzaliwa nao. Steroidi kwa upande wake huifanya ngozi kuwa nyembamba, hutia michirizi isiyofutika, huleta chunusi, na huchelewesha vidonda kupona.

Kwa sababu hizo, Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unahusu vipodozi pia. Na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe kufikia mwaka 2025. Hapa Tanzania dhamana ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango tangu mwaka 2019. Lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila kitanda cha bweni. Huko anayeweza kusimama ni mwanafunzi mwenyewe, akiwa na maarifa.

WINGI WENYEWE UNA MADHARA

Mtu anaweza kusema: "Mimi situmii zebaki wala mkorogo. Chupa zangu zote ni halali. Je, kuna ubaya gani zikiwa kumi?"

Upo ubaya, nao ni wa hesabu. Kila chupa ina manukato yake, vihifadhi vyake na rangi zake, na nyingi kati ya kemikali hizo ni ndogo kuliko daltoni 500. Manukato ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya mzio wa ngozi unaotokana na vipodozi. Atumiaye chupa mbili hukutana na kemikali chache. Atumiaye kumi hukutana na nyingi, na siku ngozi yake ikiwasha hawezi kujua mkosaji ni nani. Zaidi ya hayo, asidi za matunda na retinoidi, zinazotiwa katika seramu nyingi, hulegeza ukuta. Ikitumiwa moja kwa kiasi, pengine hufaa. Zikitumiwa tatu kwa pamoja juu ya uso uliokwisha kusuguliwa, hubomoa. Tena ukuta uliobomoka hauna lango. Kanuni ya daltoni 500 huvunjika, na vitu vilivyokuwa vikizuiwa hupita.

Mwaka 1972 Albert Kligman na Otto Mills wa Marekani walieleza aina ya chunusi waliyoona inasababishwa na vipodozi vyenyewe. Baadhi ya krimu nzito huziba matundu ya vinyweleo, vipele vidogo hutokea, na mwenye navyo huongeza kipodozi kingine ili avifiche. Basi dawa huwa ndiyo inayozaa ugonjwa, na ugonjwa ukamfanya mtu anunue dawa zaidi.

Karibu nasi zaidi, mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani walitoa matokeo ya kuchunguza video 100 za TikTok ambamo wasichana wa miaka 7 hadi 18 walionyesha utaratibu wao wa kutunza ngozi. Kwa wastani kila mmoja alitumia vipodozi sita, vyenye gharama ya dola 168 kwa mwezi. Katika video 25 zilizotazamwa zaidi, utaratibu mmoja ulikuwa na wastani wa viambato 11 vinavyoweza kuudhi ngozi. Na katika taratibu zote za mchana, ni asilimia 26 tu zilizokuwa na krimu ya kuzuia jua. Yaani hatua iliyo na ushahidi wa kutosha ndiyo iliyoachwa, na zile zisizo na lazima ndizo zilizokusanywa.

YALIYO YA LAZIMA

Kwa ngozi yenye afya, mambo yanayoungwa mkono na ushahidi ni matatu.

La kwanza ni usafi wa kiasi. Osha uso mara moja au mbili kwa siku kwa maji na sabuni isiyo kali, bila kuusugua kwa nguvu.

La pili ni kulainisha ngozi inapokuwa kavu. Paka mafuta au losheni isiyo na manukato mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mkazi wa Makete au Lushoto katika miezi ya baridi atahitaji zaidi. Mkazi wa Tanga wakati wa masika huenda asihitaji kabisa. Mwenye chunusi ayaepuke mafuta mazito usoni, pamoja na mafuta ya nazi.

La tatu ni kujikinga na jua, na hapa yafaa tuseme kwa uangalifu, kwa kuwa ngozi hazilingani. Mwaka 1979 Kaidbey na wenzake wa Marekani walipima kinga ya epidemisi dhidi ya miali ya urujuanimno. Epidemisi ya watu weusi ilikuwa na kinga ya wastani wa 13.4, na ya watu weupe 3.4. Kwa wengi wetu, basi, kofia, kivuli na nguo hutosha katika maisha ya kawaida, ingawa mwenye madoa usoni atafaidika na krimu ya kuzuia jua, kwani jua huyakoleza. Kwa wenye ngozi nyeupe faida ya krimu hiyo ilithibitishwa katika mji wa Nambour, Australia, kwa jaribio lililoanza mwaka 1992 likiwa na watu zaidi ya 1,600. Waliojipaka kila siku walipata pungufu ya kiasi cha asilimia 40 ya aina moja ya saratani ya ngozi. Hali kadhalika, miaka minne na nusu baadaye, ngozi zao hazikuwa zimeongeza dalili za uzee zinazopimika.

Lakini wako ndugu zetu ambao kwao hatua hii moja ni suala la uhai. Watu wenye ualbino hawana melanini ya kuwakinga. Inakadiriwa kwamba katika Tanzania mtu mmoja kati ya kila 1,400 ana ualbino, na athari za jua huonekana katika ngozi zao tangu miaka ya mapema ya utoto. Bila kinga, wengi hupata saratani wakiwa bado vijana. Ndiyo sababu mjini Moshi ilibuniwa krimu ya kuzuia jua iitwayo Kilisun, kwa ajili yao. Katika darasa ambamo mmoja ananunua seramu tatu asizozihitaji na mwenzake mwenye ualbino amekaa dirishani bila krimu wala kofia, mwalimu ana somo kubwa kuliko la kemia.

Ikiwa ngozi ni gonjwa, hilo ni jambo lingine. Chunusi kali, ukurutu na fangasi ni maradhi, na maradhi hutibiwa hospitalini kwa dawa iliyothibitishwa, kama vile benzoili peroksaidi au retinoidi kwa chunusi. Dawa hizo nazo zina masharti yake. Retinoidi, kwa mfano, haziwafai wajawazito. Mgonjwa huhitaji dawa moja inayolingana na ugonjwa wake. Chupa kumi zilizochaguliwa kwa uzuri wa vifuniko hazimsaidii. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

MAJARIBIO MAWILI YA DARASANI

Jaribio la kwanza: chemsha maua makavu ya rozela, yale ya kutengenezea kinywaji chekundu, uyachuje na kuyaacha yapoe. Gawa maji hayo katika glasi kadhaa. Katika moja tia ndimu, katika nyingine maji ya magadi, katika nyingine povu la sabuni ya kipande, na katika zilizobaki vipodozi vya maji ambavyo wanafunzi wanavyo. Asidi huyaacha maji yawe mekundu. Alkali huyageuza yaelekee bluu au kijani. Wanafunzi wapange glasi hizo kwa mfuatano, kisha wajadili ni kipi kinachokaribiana na hali ya ngozi. Maji hayo yasinywewe.

Jaribio la pili linafundisha msingi wa utafiti wote. Mwanafunzi achague losheni ya kulainisha anayoitumia siku zote na mafuta ya mgando ya kawaida. Kwa majuma mawili apake losheni katika mguu mmoja na mafuta katika mwingine. Mwisho wa muda huo, mwenzake asiyejua mguu upi ulipakwa nini aikague miguu yote miwili na kusema upi ni laini zaidi. Mguu wa pili ndio kilinganishi, na kilinganishi ndicho kinachokosekana katika matangazo yote ya vipodozi. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwa bidhaa za kuchubua ngozi, wala na mwanafunzi ambaye ngozi yake imekwisha kuwasha au kubambuka.

JIBU KWA MWALIMU

Mwalimu asiwaambie wanafunzi wake "acheni". Awafundishe kuiuliza kila chupa maswali matatu. Je, kilichomo kinaweza kupita lango la ngozi? Ikiwa hakipiti, kinafanya nini huko juu ambacho mafuta ya kawaida hayawezi kukifanya? Na ikiwa kinapita, kinaitwa nani, ni kiasi gani, na nani amekipima? Chupa isiyoweza kujibu swali la tatu kwa maandishi yanayosomeka haistahili kufunguliwa. Anayependa kujipaka kwa sababu kunampa raha, na fedha ni zake, na vitu ni salama, ajipake. Lakini ajue kwamba hiyo ni raha, kama singo, wala si hitaji la mwili.

Ama yule msichana aliyebambuka uso, mwalimu alimpeleka zahanati. Muuguzi alimwambia aweke chupa zote kando, anawe kwa maji matupu, na apake mafuta ya mgando kidogo asubuhi na jioni. Hakumpa kitu kingine. Majuma machache baadaye mwalimu alinijulisha kwamba ngozi ya mtoto imerudi kama ilivyokuwa.